Udhibiti wa Maneno, Elimu na Jamii: Mfano wa Upare

I. Maana ya neno

Kiswahili hakina neno moja la zamani linaloitaja kazi ya kukagua maneno ya watu na kuamua yapi yapite na yapi yazuiwe. Kina maneno mengi, na kila moja lina mahali pake. Jambo lisilotajwa mbele ya watoto ni mwiko. Jambo lijulikanalo na wachache ni siri. Kitabu kilichopunguzwa kabla ya kuchapwa kimechujwa. Gazeti lililofungiwa limepigwa marufuku. Neno “udhibiti”, ambalo siku hizi latumiwa zaidi na wataalamu, latokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kushika barabara, kuweka sawa na kuhifadhi kitu kisipotee. Basi ndani ya neno lenyewe zimo nia mbili, ya kulinda na ya kubana, na mara nyingi mwenye kubana husema kwamba analinda.

Asili ya neno la Wazungu nayo ina mafunzo yake. Warumi wa kale walikuwa na afisa aliyeitwa censor. Kazi zake zilikuwa kuhesabu raia, kukadiria mali ya kila mmoja ili wajibu wake ujulikane, na kuangalia mwenendo wao. Kutokana na jina la afisa huyo lugha za Ulaya zimepata neno la kukagua maandishi. Na kutokana na kazi yake ya kuhesabu limetoka neno ambalo Kiswahili nacho kimelipokea, likawa “sensa”. Yafaa msomaji akumbuke kwamba kuhesabu watu, kukadiria mali zao na kuchunga mwenendo wao zilikuwa kazi za ofisi moja, kwa maana mambo hayo yatakutana tena katika habari za Upare.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba udhibiti wa maneno hauwezi kufahamika ukitengwa na elimu. Hapana elimu isiyochagua. Mwalimu hana nafasi ya kusema yote, wala mtoto hana nguvu ya kuyapokea yote kwa siku moja. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama uchaguzi uwepo au usiwepo. Swali ni nani anayechagua, anatoa sababu gani, na kama yule aliyenyimwa ana mahali pa kwenda kuuliza. Mwalimu wa elimujamii hukutana na swali hilo kila siku, kwa kuwa somo lake ni jamii yenyewe, na jamii haipendi sana kutazamwa. Mwalimu huyo akiwa Same, hana haja ya kutafuta mifano ng’ambo ya bahari, maana milima iliyo juu ya mji wake inayo ya kumtosha.

II. Shule ya msituni

Milima ya Upare imesimama kaskazini mashariki mwa Tanzania, kati ya Kilimanjaro na Usambara. Mji wa Same uko chini, katika nchi kavu, penye pengo linalotenga milima ya kaskazini na ile ya kusini. Wilaya ya Pare ilikuwa moja hadi mwaka 1979, ilipogawanywa kuwa wilaya za Same na Mwanga. Wenyeji hujiita Vaasu na lugha yao huitwa Chasu. Huko Ugweno, upande wa kaskazini, husemwa pia Kigweno, ambacho ni lugha nyingine.

Kabla ya kuja kwa wageni, vijana wa milimani walipitia mafunzo ya jando katika msitu uliotengwa kwa kazi hiyo, ulioitwa mshitu. Huko walifundishwa yale yaliyohesabiwa kuwa ni lazima kwa mtu mzima, na waliyofundishwa hawakuruhusiwa kuyatoa nje. Misitu hiyo, pamoja na ile ya matambiko ya koo, ilihifadhiwa kwa mwiko: hapana aliyethubutu kukata mti ndani yake. Baadhi yake imesalia hadi karne hii katika nchi ya Ugweno na Usangi, na wataalamu wa mimea wameikuta ikiwa na miti iliyokwisha kutoweka mahali pengine. Hivyo mwiko uliokuwa ukilinda maneno ulilinda miti pia.

Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameeleza jinsi watawala wa Ugweno wa ukoo wa Wasuya, walioshika utawala baada ya Washana wahunzi, walivyoufanya mshitu kuwa jambo la dola nzima. Ukoo mmoja haukufundisha vijana wake peke yake kama ulivyopenda. Mafunzo yakawa chini ya macho ya mtawala. Hapa mwanafunzi wa elimujamii aona jambo ambalo Émile Durkheim, mwalimu wa Kifaransa aliyeanza kufundisha malezi na elimujamii huko Bordeaux mwaka 1887, alilieleza kwa jumla: kwamba elimu ni kazi ya kizazi cha watu wazima juu ya wale ambao bado hawajawa tayari kwa maisha ya jamii. Watawala wa Ugweno hawakuwa na haja ya kumsoma Durkheim ili wafahamu kwamba ashikaye mafunzo ya vijana ameshika nchi ya kesho.

Siri ya mshitu ilikuwa na sifa moja ambayo haifai kupuuzwa. Ilikuwa siri yenye mlango. Kijana aliyefichwa jambo mwaka huu alijua kwamba mwaka wa pili au wa tatu atafunuliwa, na kwamba kufichwa kwake kulikuwa kwa muda. Walakini siri hiyo ilikuwa na upungufu pia. Mlango haukuwa wazi kwa kila mtu, na yule aliyeingia alifundishwa kupokea, si kubishana. Kwa hiyo mfano wa mshitu hautufai kama picha ya nchi njema iliyopotea. Unafaa kama kipimo: kila udhibiti uliofuata waweza kuulizwa kama nao ulikuwa na mlango.

III. Kalamu ya misioni

Mwanzoni mwa karne ya ishirini wamisionari walipanda milimani. Walutheri wa Leipzig walifanya kazi yao kaskazini na pia Mbaga na Gonja. Waadventista Wasabato walifika Giti, katika nchi ya Mamba, mwaka 1903. Walijenga shule, na shuleni walileta kitu ambacho mshitu haukuwa nacho, yaani maandishi. Mwaka 1909 Ernst Kotz, mmisionari wa Kiadventista, alichapisha Berlin kitabu cha sarufi ya Chasu. Mwaka 1922 Agano Jipya likatoka katika lugha hiyo.

Kazi hiyo ilikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja, misioni iliukataza mshitu. Mkristo hakuruhusiwa kwenda huko, na mambo mengi yaliyokuwa yakisemwa msituni hayakupata tena mahali pa kusemwa, maana shule mpya haikuyachukua. Malezi ya mwili, ya ndoa na ya utu uzima yaliondolewa katika nyumba moja bila kuingizwa katika nyingine. Kwa upande wa pili, misioni iliwapa vijana wa Upare uwezo wa kusoma peke yao, pasipo mzee wa kuwafungulia au kuwafungia. Mtu ajuaye kusoma hawezi kuambiwa asome hapa tu na aishie hapa tu. Aliyefundishwa kusoma Injili aweza kusoma gazeti; aliyefundishwa kuandika barua kwa mchungaji aweza kumwandikia Gavana.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililotokea.

IV. Mbiru

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya wilaya ilianzisha kodi mpya ya kadiri ya mali, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Ikaitwa mbiru, jina la ushuru wa kale uliotolewa kwa watawala. Mali ya kila mtu ilikisiwa, naye akaambiwa kiasi chake. Watu wa milimani waliona kwamba jina la kale limetwaliwa kufunika jambo jipya; na zaidi ya hayo, kwamba hapana kipimo kinachoonekana ambacho mtu angeweza kukitumia kubisha makadirio. Naye censor wa Kirumi ndivyo alivyofanya: alikadiria mali ya raia na kuangalia mwenendo wake kwa wakati mmoja.

Mwezi wa Januari 1945 watu kwa maelfu waliteremka kutoka Usangi, Ugweno na Mamba, wakakaa Same, penye makao makuu ya wilaya, wakidai kodi hiyo iondolewe. Hawakuja na silaha. Walikaa, wakasubiri, na waliokaa walipokwisha muda wao wengine walishika nafasi zao. Malalamiko yao waliyapeleka kwa maandishi. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo wa Mamba, mtu aliyepata elimu yake kutoka misioni.

Wanawake nao waliingia katika shauri hilo, na kwa namna iliyowashangaza wakubwa. Kwa kuwa waume zao walikuwa wamekaa Same siku nyingi, walimtaka Mkuu wa Wilaya ama amalize ugomvi ili waume warudi, ama yeye mwenyewe awazalishe. Katika desturi za milimani maneno ya namna hiyo hayakusemwa hadharani, sembuse mbele ya mtawala. Lakini ndiyo sababu yalikuwa na nguvu. Mwiko, ambao kwa kawaida ni kifuniko cha maneno, ulitumiwa kuwa silaha: wanawake waliuvunja kwa makusudi ili kuonyesha kwamba jambo lililo kubwa kuliko mwiko limekwisha vunjwa na serikali yenyewe.

Serikali iliwatafuta wachochezi. Baadhi ya viongozi wakakamatwa na kuhamishwa mbali na kwao. Hapa mtaalamu wa lugha ana neno la kusema. “Uchochezi”, ambalo ndilo jina la kosa hilo katika Kiswahili cha sheria, latokana na kuchochea, yaani kusukuma kuni ili moto uwake zaidi. Hapana awezaye kuchochea jiko lililozimika. Neno lenyewe, basi, lakiri kwamba moto ulikuwapo kabla ya mchochezi kufika. Na serikali inayomshika mchochezi bila kutazama moto inafanya nusu ya kazi. Utawala wa Upare ulilitambua hilo baada ya muda, maana kodi ile ilifutwa kabla ya muongo huo kwisha.

Kimambo aliandika habari za Mbiru katika kitabu kidogo kilichotolewa na Chama cha Historia cha Tanzania mwaka 1971, na tangu hapo tukio hilo limekuwa na mahali pake katika historia ya nchi. Mwalimu wa elimujamii aweza kuongeza jambo moja: kwamba Mbiru haikuwa tu ugomvi wa kodi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa Upare kwa wingi wao kutumia vipawa vya shule kumwuliza mtawala sababu ya uamuzi wake, na kukataa kuondoka mlangoni kabla ya kujibiwa.

Jaribu la namna hiyo halikuishia milimani. Mwaka 1958 Julius Nyerere, ambaye alikuwa ameacha kazi ya ualimu huko Pugu mwaka 1955, alishitakiwa Dar es Salaam kwa makala yaliyotoka katika Sauti ya TANU juu ya maafisa wawili wa wilaya. Akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Faini ililipwa. Miaka mitatu baadaye nchi ilikuwa huru, na aliyeshitakiwa kwa maneno akawa Waziri Mkuu.

V. Chujio la lugha

Si kila udhibiti huja kwa jina la marufuku. Mwaka 1930 ilianzishwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kazi yake moja ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule na kutoa kibali kwamba Kiswahili chake ni sanifu. Kamati hiyo, baada ya kuhamia Makerere na kurudi Dar es Salaam, iligeuka mwaka 1964 kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu. Kwa hiyo taasisi za uchunguzi wa Kiswahili zinapozungumza juu ya udhibiti, zinazungumza pia juu ya wazee wao wenyewe.

Kamati haikukataza mawazo. Ilikagua tahajia, sarufi na msamiati, na bila kazi yake shule za nchi nne zisingeweza kusoma kitabu kimoja. Faida hiyo ni kubwa na haifai kudharauliwa. Walakini mwanzoni kibali hicho kilitolewa na watu ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao, na mwandishi aliyekataliwa alikuwa na njia chache za kukata rufani. Neno likikosa kibali, laweza kuendelea kusemwa sokoni, lakini halifiki darasani. Na lisilofika darasani huanza kuonekana kuwa si la watu wenye akili.

Mtoto wa milimani alilijua jambo hilo kwa uzito zaidi. Alitoka nyumbani na Chasu au Kigweno, akakuta shuleni Kiswahili, na alipopanda madarasa akakuta Kiingereza. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki kusema lugha ya nyumbani kulihesabiwa kuwa kosa la nidhamu. Hapana aliyempiga marufuku asiseme wazo fulani. Alizuiliwa kwa lugha tu. Lakini matokeo yake hayana tofauti kubwa. Hata leo, katika shule za sekondari ambamo masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, mara nyingi mwanafunzi ajuaye jibu hunyamaza kwa sababu jibu lake liko katika lugha isiyotakiwa. Mwalimu wa elimujamii akiuliza darasani, “Je, kwenu urithi wa shamba hugawanywaje?”, swali hilo lina majibu hamsini katika chumba kimoja. Akiliuliza kwa lugha isiyofika nyumbani kwa mwanafunzi, atapata majibu matatu, nayo yametoka kitabuni.

VI. Baada ya uhuru

Taifa jipya lilirithi kutoka kwa wakoloni sheria za magazeti, na halikuziacha upesi. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kufungia gazeti kwa amri yake. Chuo Kikuu nacho hakikusalimika. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche, ambalo lilikuwa limetoa uchambuzi wa Issa Shivji juu ya matabaka katika Tanzania, lilipigwa marufuku. Jarida lenyewe lilijiona kuwa linautetea ujamaa. Kosa lake lilikuwa kuutetea bila kungoja ruhusa. Na hayo yalitokea miaka mitatu tu baada ya Nyerere kuandika katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, kwamba shule lazima imjenge mtu mwenye akili ya kuuliza. Wenye kusoma maandishi hayo kwa makini waliona kwamba wazo la Mwalimu na amri ya ofisi havikwenda njia moja.

Mfano ulio karibu zaidi na darasa watoka mbali na Upare, katika kisiwa cha Ukerewe. Huko ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, na ndiko alikoiweka familia ya Rosa katika riwaya yake Rosa Mistika, iliyochapwa mwaka 1971. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mkali ambaye anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana na kumzuilia kila mazungumzo na wanaume, bila kumweleza neno. Akienda shule mbali na nyumbani, binti hana ulinzi wowote ila hofu. Na hofu ikiisha, anaangamia. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku mashuleni kwa madai ya kutaja waziwazi mambo ya mapenzi. Baada ya miaka ikakubaliwa, ikasomwa shuleni na vyuoni.

Ajabu ya shauri hilo ni kwamba kitabu kilikuwa kimekwisha kueleza kosa la wale watakaokifungia. Zakaria ndiye mdhibiti. Alidhani kwamba jambo lisilotajwa halitatokea. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na riwaya nzima ni maelezo ya methali hiyo. Aliyeificha mbele ya wasichana wa shule aliwanyima onyo lenyewe, si uovu. Kwa mtu wa Upare, maana yake ni dhahiri zaidi: mafunzo yaliyokuwa yakitolewa msituni yaliondolewa, shule haikuyachukua, na riwaya iliyojaribu kujaza nafasi hiyo ikafungiwa. Hali hiyo ilikuwa na gharama inayohesabika kwa watu. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule. Ni mwezi wa Novemba 2021 tu Serikali ilipotangaza kwamba wasichana wa namna hiyo wataruhusiwa kurudi masomoni.

Swali hilo halijazeeka. Mwezi wa Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuondolewa mashuleni kwa vitabu 16, pamoja na vile vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney wa Marekani, kwa sababu ya kupingana na mila, desturi na maadili. Hapana asemaye kwamba waziri hana haki ya kuangalia vitabu vya watoto. Kila nchi hufanya hivyo, na mzazi wa Same hataki mtoto wake apewe kitabu chochote kile kwa kuwa tu kimechapwa. Lakini kipimo cha mshitu chafaa kutumika hapa: je, mwalimu aelezwa ni ukurasa gani wenye makosa, na kwa umri gani? Je, anaweza kujibu? Orodha isiyo na sababu humfundisha mwalimu jambo moja tu, nalo ni kuogopa vitabu ambavyo havimo katika orodha bado.

Kwa mwalimu wa elimujamii kuna jambo jingine linalomgusa mwenyewe. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilifanyiwa marekebisho yaliyofanya kuwa kosa la jinai kutangaza takwimu za kupinga zile za serikali. Mwaka 2019 kifungu hicho kililegezwa. Katika muda huo mfupi kazi ya kuhesabu na kazi ya kuchunga maneno zilirudi katika ofisi moja, kama huko Roma. Mtafiti aliyehesabu kaya katika kijiji cha Mbaga au Hedaru na kupata hesabu yake mwenyewe alipaswa kujiuliza kama kutoa hesabu hiyo ni elimu au ni kosa. Elimujamii bila uhuru wa kuhesabu ni masimulizi tu.

Yafaa isemwe pia kwamba milango imepata kufunguliwa. Sheria ya 1976 ilifuatwa na Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya mwaka 2016. Mwezi wa Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba baadhi ya vifungu vya sheria hiyo vinapingana na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Februari 2022 magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa, yaani MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, yaliruhusiwa tena. Mahakama yenye kuuliza serikali “kwa nini?” ni mlango, hata kama waingiao ni wachache.

VII. Kazi ya mwalimu

Cuthbert Omari, aliyefundisha elimujamii katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, aliacha mfano wa namna mwalimu awezavyo kusimama katikati ya mambo haya. Aliandika kitabu juu ya Mungu na ibada katika jamii ya kale ya Vaasu, kilichotoka mwaka 1990, ambamo mambo yaliyowahi kukatazwa na misioni yanaelezwa kwa heshima na kwa utaratibu wa kitaalamu, na mtu ambaye mwenyewe alikuwa Mlutheri. Tena aliandika hadithi kwa Kiswahili, miongoni mwake Mwenda Kwao ya mwaka 1971, ili wasiosoma vitabu vya chuo nao wapate fungu lao. Hakuirudisha ile mila, wala hakuidhihaki. Aliiweka mahali ambapo aweza kuulizwa.

Hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwa mwalimu wa Same. Hawezi kufuta sheria, wala hakuajiriwa kuzivunja. Lakini anayo mamlaka madogo ambayo hapana waziri awezaye kuyatumia kwa niaba yake, nayo ni kuamua jinsi swali la mwanafunzi litakavyopokelewa. Mwanafunzi akiuliza jambo ambalo halifai kwa umri wake, mwalimu aweza kumjibu kwamba halifai sasa, kwa sababu hii, na kwamba litajadiliwa katika kidato fulani. Hapo amefunga, lakini ameonyesha mlango. Akimjibu kwa kiboko au kwa kicheko, amefunga bila mlango, na mwanafunzi atakwenda kuuliza katika simu yake, ambako hapana mzee, hapana mchungaji, wala hapana mwalimu. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Na shule inayoficha maswali yake haizai wataalamu.

Hapana budi pia mwalimu ajidhibiti mwenyewe kuliko anavyodhibitiwa, lakini kwa maana ya kwanza ya neno, yaani kushika barabara. Mtu asemaye lolote darasani kwa jina la uhuru huwapa wakubwa sababu ya kufunga mdomo wa mwenziwe aliye makini. Aseme lile aliloliona, aonyeshe alivyolihesabu, na atofautishe habari na maoni yake. Waliokaa Same mwaka 1945 walifanikiwa kwa sababu malalamiko yao yalikuwa ya kweli, yaliandikwa, na yaliweza kupimwa na yeyote.

Kiswahili kina neno “kuhariri”, lenye maana ya kusahihisha maandishi kabla ya kuchapwa. Limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia “huru” na “uhuru”. Katika Kiarabu chenyewe neno moja hutumika kwa kuhariri kitabu na kwa kukomboa nchi. Mhariri na mdhibiti wote wawili hushika kalamu nyekundu. Mmoja hufuta ili maneno yaliyobaki yasimame yenyewe mbele ya msomaji, naye huwa tayari kumweleza mwandishi sababu. Mwingine hufuta na kunyamaza. Shule inayotaka kujua ni yupi kati yao anayekaa katika ofisi yake imwulize mwanafunzi wake kama, siku alipokatazwa jambo, aliambiwa kwa nini.